Jina Lililoimbwa

Hakuna aliyemtuma Tache Diba kuimba jina la Deqa. Hilo ndilo lililomuuma Deqa zaidi, kila alipokumbuka. Hakulazimishwa na mtu, wala hakutiwa maneno na wenzake. Aliliimba mwenyewe, kwa roho nyeupe, mbele ya Isiolo nzima, na Ijumaa iliyokuwa inakuja wazee wa kwao Tache walikuwa waje kumposa Deqa.

Siku hiyo ya Jumamosi ukumbi wa mji ulijaa hadi watu wakakalia madirisha. Lilikuwa tamasha la nyimbo za asili, la siku mbili. Mwalimu Mbaabu, Mmeru mmoja mcheshi aliyeliandaa, alikuwa amechosha viatu vyake kwenda huku na huku akibembeleza watu walete nyimbo zao. Waturkana walikuja na manyoya kichwani, Wameru wakaja na ngoma zao, na vijana wa Kiborana wakaja kutoka Kinna wakiwa wamejifunga shuka nyeupe. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine. Juu ya paa zilifungwa spika mbili kubwa, ili aliyekosa nafasi ndani asikose kusikia. Na kweli hakukosa mtu. Waliokuwa mnadani na ng'ombe wao walisikia, na waliokuwa wakinywa chai hotelini walisikia.

"Imbeni kama mnavyoimba nyumbani," Mwalimu Mbaabu aliwaambia kwa ile mashine yake ya kukuza sauti. "Msiogope. Leo hapa ni nyumbani."

Maneno matamu hayo, lakini ungemuuliza Eeddo Sahro angekwambia si kila tamu ni asali. Eeddo Sahro alikuwa shangazi yake Deqa, dada wa baba, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa buraanbur mjini, nyimbo ambazo wanawake wa Kisomali huimbiana kwenye harusi, kwa ngoma na makofi, wanaume wakiwa mbali. Mwalimu Mbaabu alipomwendea mara ya kwanza alimfungia mlango.

"Wimbo una nyumba yake, Mwalimu," alimwambia mara ya pili, baada ya kumpa chai. "Ukiutoa nje, lazima uufunike kichwa kwanza."

Mwishowe alikubali, na siku hiyo aliimba. Lakini aliimba nusu. Yale maneno ya wanawake peke yao aliyaacha nyumbani, akaleta ukumbini yale tu yanayoweza kupita mbele ya wanaume bila mtu kuinamisha macho. Watu walipiga makofi, hawakujua kuna kilichobaki. Deqa alijua. Akakaa karibu na shangazi yake akitabasamu, mtandio wake wa njano ukiwa umemteleza kidogo kichwani, maana alikuwa na sababu ya kujipamba siku hiyo.

Halafu wakaja vijana wa Kinna.

Tache alisimama mbele yao. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na alikuwa na tabia ya kusugua kidole gumba chake kwa kidole cha shahada akiwa na wasiwasi. Deqa alimwona akisugua. Mwaka mzima walikuwa wamejuana kwa macho na kwa salamu za kupitishwa na Abiba, dada yake Tache aliyeuza maziwa mjini. Walikuwa wameongea kwa mdomo mara chache sana, tena barazani kwa Abiba, watu wakipita. Lakini mtu akipenda, hata "salaam aleikum" huwa ni hotuba nzima.

Waliimba wimbo wa kisima. Ni wimbo wa kazi, wa kunyweshea ng'ombe wakati wa kiangazi, wanaume wakiwa wamepangana ndani ya kisima wakirushiana ndoo toka chini hadi juu. Tache alitangulia, wenzake wakaitikia, na ukumbi mzima ukaanza kutikisa mabega.

*Kisima ni kirefu, kamba ni fupi,
lakini mkono wangu haujachoka.
Jua limekunywa mto,
lakini mkono wangu haujachoka.*

Sasa, wimbo huu una mahali pake ambapo yule anayetangulia hutaja kile kinachomfanya asichoke. Mwingine hutaja fahali wake. Mwingine hutaja baba yake. Tache alifika mahali pale, akanyamaza kidogo, akageuza uso upande wa wanawake.

*Ninamtekea Deqa, shingo ndefu,
Deqa wa macho makubwa, Deqa wa mwendo wa pole.
Deqa akinywa, mimi nimekunywa.*

Kabla ya aibu kumfika, Deqa alifika kwenye furaha. Hata alipokuwa mtu mzima na watoto wake hakuweza kulikana hilo. Kwa muda mfupi, kabla hajakumbuka yeye ni binti wa nani, alisikia jina lake likienda juu ya paa na kutoka nje kwenye jua, na akaona hakuna mwanamke Isiolo aliyewahi kupewa kitu kikubwa kama hicho. Kisha mkono wa Eeddo Sahro ukamshika kifundo cha mkono, ukamkaza.

"Vuta mtandio," Eeddo alisema polepole. "Usiangalie mbele. Usiangalie popote."

Wanawake wa Kiborana walikuwa wakipiga vigelegele. Kwao msichana akiimbwa kisimani ni heshima, ni sawa na kuvalishwa ushanga mbele ya watu. Wazee wa Kisomali upande ule mwingine walikuwa kimya kama wamemwagiwa maji. Kwao kumtaja msichana wa watu kwa jina, ndani ya wimbo, mbele ya wanaume, ni kumvua mtandio hadharani. Ni kutangaza kwamba unamjua. Na ndugu zake hawawezi kulala.

Mtu anaweza kuuliza, hivi hao hawakukaa mji mmoja? Walikaa. Walisali msikiti mmoja, walinunua nyama kwa mchinjaji mmoja. Lakini nani hukaa chini kumweleza jirani jambo ambalo anadhani kila mtu analijua?

*

Nyumbani, Mzee Mahamud alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani, kofia imewekwa juu ya goti. Alikuwa na lori la kusafirisha mifugo hadi Nairobi, kama baba yake aliyeacha uaskari akaingia barabarani, na mara nyingi lori hilo lilibeba ng'ombe wa akina Tache. Alimpenda kijana yule. Ndiyo sababu Eeddo Sahro alipomnong'oneza habari za Ijumaa hakukataa, alisema tu, "Waje, tusikie."

Duale, kaka yake Deqa, alikuwa amesimama karibu na lori na spana ya magurudumu mkononi. Hakuna gurudumu lililokuwa limeharibika.

"Nilikuwa hotelini," Duale alisema. "Nimeshika kikombe. Naskia jina la dada yangu kwa spika. Watu wote wananiangalia. Aabo, hata chai nilishindwa kumeza."

"Weka hiyo kitu chini," baba yake alisema.

"Aabo..."

"Nimesema weka."

Spana ikawekwa juu ya mudigadi ya lori. Mzee Mahamud akamwangalia binti yake, na Deqa akaona kwamba baba hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Alikugusa?"

"Hapana, Aabo. Wallahi hapana."

"Najua. Mimi najua. Lakini mji haujui." Akageuza kofia kwenye goti. "Ijumaa wangekuja na buni zao za kuposa, ningezipokea. Nilishaulizia mbuzi. Sasa nikimpa, watasema nini? Watasema Mahamud alifunika chungu kilichokwisha kuchafuka. Watasema yule kijana aliimba kwa sababu alishamaliza mambo yake, na mimi nikamwoza haraka."

"Na tukingoja, Aabo? Hata mwaka."

"Mwaka utafuta wimbo? Wale watoto wa mtaani wanauimba tayari. Nimewasikia nikija."

"Basi waje waombe msamaha," Deqa alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Walete ng'ombe wa fidia. Si ndiyo desturi?"

"Wakileta fidia wamekubali walitutukana," Eeddo Sahro alisema. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, bado na nguo zake za tamasha. "Na aliyetoa fidia ya kukutukana haozwi binti wa nyumba hiyo. Unajua hivyo, Deqa."

Alijua. Kila mlango aliousukuma ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Duale akasema kwamba yeye hahitaji fidia, anahitaji dakika moja na yule Mborana. Alisema kwa sauti ya chini sana, na hiyo ndiyo iliyomwogopesha Deqa. Duale akipiga kelele huwa amemaliza. Akisema kwa upole, huwa ndiyo anaanza.

Basi Eeddo Sahro akavua kiatu kimoja, akausugua mguu, akafikiri. Mtu aliyetunga nyimbo tangu usichana wake anajua maneno yanavyoweza kugeuzwa.

"Alisema nini hasa?" aliuliza. "Shingo ndefu. Macho makubwa. Mwendo wa pole. Hakusema binti ya nani. Mahamud, mshukuru Mungu Waborana wanasifu wasichana na ng'ombe kwa maneno yale yale."

Mzee Mahamud aliinua kichwa.

"Ni wimbo wa kisima," Eeddo aliendelea. "Kisimani wanatekea nani maji? Ng'ombe. Kesho ni siku ya pili ya tamasha. Huyo kijana asimame pale pale, kwa spika ile ile, aseme Deqa ni ng'ombe wake."

"Mborana gani anampa ng'ombe jina la Kisomali?" Duale aliuliza.

"Mborana aliyemnunua kwa Msomali. Ng'ombe amekuja na jina lake. Yule paka wako si alikuja na jina lake, ukamwachia?"

Duale akafungua mdomo, akaufunga. Mzee Mahamud akavaa kofia yake.

"Akisema hivyo," alisema, "mimi nitacheka mbele ya watu. Na Duale atacheka. Mambo yataisha."

Deqa aliwaangalia wote watatu. "Na Ijumaa?"

Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa. Mwishowe Eeddo Sahro alimshika mkono, safari hii bila kukaza.

"Mtu haji kuposa ng'ombe wake, mama," alisema. "Akija kesho kutwa, au mwaka ujao, watajua alidanganya. Tutakuwa tumerudi pale pale, na damu juu yake."

*

Asubuhi ya Jumapili Eeddo Sahro alimpeleka Deqa mwenyewe. Alisema kama ni kuagana, basi waagane mchana, kwenye nyumba ya mwanamke, na yeye akiwa hapo. Walipofika kwa Abiba, alikataa kuingia uani. Alivuta kigoda hadi kwenye lango, akakaa akiwapa mgongo, akatoa tasbihi.

Abiba alikuwa akifukiza gorfa zake, vile vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi vikabana hata havivuji. Aliwaona, akasimama, akakumbuka kwamba ana kazi nyuma ya nyumba. Ua ukabaki na moshi, na Tache.

Hakuwa amelala. Macho yalikuwa mekundu na shuka lake la jana bado lilikuwa mwilini.

"Salaam aleikum," Deqa alisema.

"Aleikum salaam." Alisugua kidole gumba. "Deqa, mimi sikujua. Abiba ameniambia jana jioni. Mpaka wakati huo nilikuwa natembea mjini na kifua mbele. Nilikuwa nafikiri nimekujengea nyumba."

"Najua."

"Mama yangu aliimbwa kisimani mpaka akazeeka. Baba alikuwa akishindwa kumpa kitu kingine, anampa hiyo. Siku amekufa, wazee walikuja wakasema, huyu ni yule wa wimbo. Mimi nilitaka..." Hakumaliza.

"Tache, mimi nilifurahi."

Alimwangalia kama hakusikia vizuri.

"Ujue hilo," Deqa alisema. "Watu watakwambia nililia. Nililia baadaye. Kwanza nilifurahi. Nilitaka umalize na uanze tena."

Hapo Tache alicheka kidogo, na kicheko kile kilimchoma Deqa kuliko kama angelia. Hakuwahi kumwona akicheka kwa karibu hivyo. Alikuwa na pengo dogo kati ya meno ya mbele. Mwaka mzima wa kupendana na hakuwa amejua ana pengo.

Akamweleza. Alimweleza yote, bila kuzunguka, kama Eeddo alivyomfundisha njiani, maana jambo chungu likizungushwa huzidi uchungu. Tache alisikiliza hadi mwisho.

"Unataka nisimame mbele ya watu niseme wewe ni ng'ombe."

"Ndiyo."

"Deqa, wewe si ng'ombe."

"Ahsante," Deqa alisema, na wote wawili wakaangalia chini ili wasicheke, kisha wasilie.

"Nitalipa," Tache alisema. "Baba yako ataje. Nitaleta zizi zima."

"Ukilipa hutanioa."

"Nisiposema kitu?"

"Duale atakuua. Au wewe utamuua Duale. Hapo pia hutanioa."

Akamsogelea hatua, akakumbuka mgongo wa Eeddo Sahro langoni, akasimama. Akashusha sauti. "Basi twende. Leo. Nina mjomba Moyale. Lori ya chumvi inaondoka saa sita. Kadhi atatufungisha ndoa, wazee wataongea, hasira itaisha. Imeshafanyika kwa watu wengi."

Deqa alikuwa amelifikiria. Usiku mzima alikuwa amepanda lori hilo kichwani mwake, ameteremka Moyale, amepika, amezaa. Kila mara alifika mahali pamoja akakwama.

"Unajua Eeddo ametunga wimbo wangu?" alisema. "Wa harusi. Alianza nikiwa nanyonya. Kila mwaka anaongeza mstari. Hajawahi kuniimbia hata mmoja, anasema nitausikia siku yangu. Nikiondoka kwa lori la chumvi, atauweka wapi? Mke wa kutoroshwa haimbiwi, Tache. Na baba yangu hatakaa tena hotelini na wenzake. Atakunywa chai uani, na kofia kwenye goti. Nimemwona jana. Sitaki kumwona hivyo kila siku."

"Na mimi je?"

"Wewe utaishi."

"Hiyo ni kuishi?"

Moshi wa gorfa ulikuwa unamwendea Deqa machoni, akauacha.

"Hawataridhika nikisema tu ni ng'ombe," Tache alisema baadaye kidogo, kama mtu anayetafuta shimo kwenye ua. "Wataniuliza rangi. Wataniuliza nilimnunua wapi. Mimi sina ng'ombe wa jina hilo. Na nitasimama pale nimetaja jina la Mungu kwanza, kama kawaida. Nitakuwa mwongo mbele yake."

"Atakusamehe."

"Wewe unajuaje?"

"Kwa sababu mimi nimekuomba. Dhambi iandikwe kwangu."

Tache aliinamisha kichwa. Kidole gumba kilikuwa kimetulia sasa, na hapo ndipo Deqa alipojua kwamba amekubali. Aliona lile jambo likishuka ndani yake na kukaa. Alitaka kumwambia asikubali upesi hivyo.

"Chagua rangi," Tache alisema.

"Nini?"

"Rangi ya huyo ng'ombe. Kama ni wewe, uchague mwenyewe."

Deqa akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwekundu."

"Mwekundu wote?"

"Na doa jeupe. Hapa." Akagusa paji la uso wake.

"Mtamba au amezaa?"

"Mtamba, wewe. Unataka kunizeesha?"

"Mtamba," Tache alisema. Aliliangalia lile paji la uso muda mrefu, kama mtu anayekariri. "Nimekununua wapi?"

"Garba Tulla. Kwa mzee mmoja Msomali. Alikuwa hataki kuniuza."

"Alikuwa hataki," Tache alirudia. "Lakini mimi nilimbembeleza."

Langoni Eeddo Sahro alikohoa. Hakukohoa kwa sababu ya kifua, alikohoa kwa sababu ya saa. Deqa akageuka aondoke, akageuka tena.

"Usiangalie upande wa wanawake ukiimba," alisema. "Sitakuwepo. Ukiangalia watajua."

"Nitaangalia wapi?"

"Angalia juu. Kwenye spika. Mimi nitakuwa upande ule mwingine."

*

Deqa alikuwa nyumbani, uani, akichambua mchele alipomsikia Tache. Sauti ilikuja ikiwa imekwaruzwa na mashine, lakini ilikuwa yake. Alitaja jina la Mungu. Akasalimu wazee wa pande zote. Akasema, kwa Kiborana kisha kwa Kiswahili, amesikia jana kuna watu walipotea njia kwa wimbo wake, na yeye anaomba radhi, kosa ni lake, alisahau kwamba hapa si kisimani ambapo kila mtu anajua ng'ombe wa mwenzake.

"Deqa ni mtamba wangu," Tache alisema. "Mwekundu, na doa jeupe hapa mbele. Nilimnunua Garba Tulla kwa Msomali mmoja, akaniambia, jina lake usibadilishe. Sikubadilisha."

Mtu mmoja akacheka, mwanamume, na Deqa akajua ni Duale. Baba yake akacheka. Halafu ukumbi mzima ukalipuka, na kicheko kikatoka kwenye paa, kikapita hotelini, kikapita mnadani, mji mzima ukimcheka Mborana anayempenda ng'ombe wake mpaka anamwimba kama mchumba. Mwalimu Mbaabu alisikika akisema sasa basi tumwimbie huyo mtamba vizuri, bila hofu.

Wakamwimba. Tache alitangulia. *Deqa akinywa, mimi nimekunywa.* Mji mzima ukaitikia, hata Wameru, hata Waturkana, maana sasa hakukuwa na ubaya. Deqa aliendelea kuchambua mchele. Alitoa mawe, akatupa, na alipoangalia chini akakuta ametupa mchele na kubakisha mawe.

Jina lake likabaki safi.

*

Kwa kuwa lilikuwa safi, wachumba walikuja. Miaka miwili baadaye, mwaka ule wa themanini na nne, kiangazi kilipochoma nyasi zote na ng'ombe wakawa wanaanguka barabarani, Mzee Mahamud alikubali mtu wa Nanyuki, mfanyabiashara wa nguo, mpole, mjane, asiyeimba. Deqa hakumchukia. Alikubali kama mtu anavyokubali mvua ya mahali pengine.

Siku ya harusi, wanawake wakiwa wamejaa uani na ngoma zimeanza, Abiba aliingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa amekonda. Watu wote wa Kinna walikuwa wamekonda mwaka huo. Mkononi alibeba gorfa moja ndogo, imefungwa kwa kitambaa.

"Bibi harusi hawezi kuolewa bila maziwa," alisema.

"Abiba, maziwa utatoa wapi? Mji mzima hauna."

"Kunywa tu."

Deqa akafungua kifuniko. Harufu ya moshi ikampanda puani, moshi ule ule wa asubuhi ile. Akanywa. Yalikuwa machache, mazito, na matamu hata akafumba macho.

"Ng'ombe wote wameisha," Abiba alisema akimwangalia akinywa. "Wengine wamekufa, wengine wamepanda lori ya baba yako. Amebaki mmoja. Tache amemkatia majani kwa mkono, amemtekea maji kwa kamba mpaka viganja vikachanika. Watu wanamwambia, uza, atakufa bure. Anakataa. Alimnunua wiki ile ile ya tamasha. Alizunguka mpaka Garba Tulla akatafuta mwekundu, mwenye doa jeupe. Akampa lile jina, na sasa amezaa."

Deqa aliishusha gorfa.

"Aliniambia nikuambie hakusema uongo," Abiba alisema. "Alichelewa kidogo tu."

"Anajua leo naolewa?"

"Anajua. Ndiye aliyekamua."

Nje, Eeddo Sahro alikuwa ameanza. Ulikuwa wimbo wenyewe, ule wa miaka yote, na wanawake walikuwa wakipiga makofi na kumwita bibi harusi atoke asikie sifa zake. Deqa alikunywa hadi tone la mwisho. Akaifuta gorfa kwa ncha ya mtandio wake mwekundu, akaangalia jikoni, sukari hapa, majani ya chai pale.

"Chombo cha maziwa hakirudishwi kitupu," alisema.

"Weka chochote," Abiba alisema. "Hata jani."

Deqa aliiinua gorfa usoni, akainamia mdomo wake. Akaimba ndani yake jina la aliyekamua, mara moja, kwa sauti ambayo hata Abiba aliyekuwa karibu hakuishika vizuri. Kisha akafunika upesi, akafunga kitambaa, akakaza fundo.

Abiba aliipokea kwa mikono miwili. Akatoka kwa mlango ule ule wa jikoni, akipita katikati ya wanawake waliokuwa wakicheza, na alivyoishika, wima, akiangalia asije akaigonga mahali, kila aliyemwona alidhani imejaa.